Wimbo wa Kipa Aliyedaka Mpira wa Mlezi

Haya yalitokea Bungala, nchi ambayo haimo kwenye ramani yoyote mliyowahi kununua. Msomaji atakayeona inafanana na mahali anapopajua, macho ni yake, na kesi ikija mimi simo. Nimepewa habari kama zilivyo nami nazitoa kama zilivyo.

Jamhuri ya Bungala ina Mlezi. Nchi nyingine zina marais, nyingine zina wafalme, lakini Bungala ina Mlezi kwa sababu wananchi wake, kama Katiba inavyosema ukurasa wa kwanza, bado ni wadogo. Mlezi mwenyewe ana miaka themanini na mmoja na anapenda mpira wa miguu. Kila mwaka ligi haifunguliwi mpaka apige penalti moja iitwayo Mpira wa Heshima, na penalti hiyo ni lazima iingie. Kwa miaka ishirini na mmoja imeingia. Kuna mwaka mpira ulichoka ukasimama katikati ya njia, na mafundi wa Wizara ya Michezo, Shangwe na Nidhamu wakalisukuma goli, ambalo tangu hapo lina magurudumu, likaufuata mpira pale ulipo na kuumeza. Magazeti ya kesho yake yaliandika kwamba shuti lilikuwa kali.

Kipa anayeteuliwa kufungwa na Mlezi hupelekwa mafunzoni wiki mbili. Hufundishwa kujirusha upande wa jukwaa kuu, maana Mlezi hupiga upande wa saa kubwa. Hufundishwa kulala chini muda wa kutosha kupigwa picha, kujipiga paji la uso kwa kiganja, kisha kutikisa kichwa kwa masikitiko yatakayoonekana mpaka viti vya juani. Akifaulu hupewa cheti. Mwaka ninaousimulia, heshima hiyo ilimwangukia Akilimali Ndembo, kipa wa timu ya taifa, mwenye miaka ishirini na sita, ambaye mashabiki walimwita Nyavu Kavu.

Akilimali alifanya kila alichofundishwa. Filimbi ililia, Mlezi akausogelea mpira huku wasaidizi wawili wamemshika viwiko, akainua mguu, na Akilimali akajirusha upande wa jukwaa kuu vizuri kabisa, cheti kikimfaa. Lakini siku hiyo, kwa sababu ambazo Tume bado inazichunguza, Mlezi alipiga upande wa jukwaa kuu. Mpira ukaja taratibu kama ng'ombe anayerudi zizini, ukampanda kifuani, ukatulia. Mikono ikaufumbata yenyewe, maana mikono ya kipa haijasoma itifaki.

Watu elfu arobaini wakageuka kulitazama jukwaa kuu. Mafundi wa magurudumu wakatazamana, wasijue walisukume goli upande gani. Mtangazaji wa Redio Bungala, mtu mwenye mke na watoto watano, alitafuta neno hewani kwa muda mrefu mpaka akalipata. "Ndugu wasikilizaji," alisema, "goli limeahirishwa."

*

Bi Sikudhani Mtoro aliyasikia hayo jikoni kwake akichambua mchicha. Aliuweka mchicha chini, akazima redio, akakaa. Kipa yule alikuwa mtoto wa dada yake, lakini neno hilo "mtoto wa dada" alikuwa hajalitumia kwa miaka ishirini. Tausi, mama yake Akilimali, alifariki mtoto akiwa na miaka sita, na tangu siku ya matanga Bi Sikudhani alimchukua akamlea. Kwake alikuwa mwanawe, basi.

Siku zile za msiba mtoto alikuwa halali wala hali, analia tu. Bi Sikudhani hakujua la kufanya, akachukua chungwa kapuni, akamrushia. Mtoto akalidaka, akanyamaza kidogo akilitazama. Akamrushia la pili. Wiki nzima walikaa uani wanarushiana machungwa, mpaka kilio kikaisha. Wengine wote waliamini kipaji cha Nyavu Kavu kilitoka kwa makocha, na hao wawili waliwaacha waamini hivyo. Bi Sikudhani, ambaye alitunga nyimbo za kila kitu, hakuwahi kuitungia wiki ile hata mstari mmoja. Aliona ni yao.

Maana huyu mama alikuwa mtunzi. Alipiga gitaa la rithimu na kuongoza bendi ya Orkestra Kinu na Mchi, na nyimbo zake zilipigwa harusini, mabaani na kwenye saluni zote za Bungala. Aliimba mapenzi, mawifi, wapangaji wabishi na bei ya nazi. Mlezi tu ndiye ambaye hakumwimba. Miaka thelathini watunzi wenzake walimwimba Mlezi asubuhi, wakamwimba mchana, wakapewa viwanja na majina ya mitaa, naye akiulizwa hujibu kwamba bado anatafuta vina. Serikali ilimwacha kwa kuwa ni mwanamke, na kwa kuwa mke wa Waziri alizipenda nyimbo za mawifi.

Jioni ile Akilimali aliingia kwa mlango wa uani, bado amevaa jezi.

"Mamdogo, nilijirusha kule waliponiambia."

"Nimesikia, baba. Kaa kwanza ule."

"Ulinifuata wenyewe. Naapa ulinifuata wenyewe."

*

Serikali ya Bungala haina papara. Akilimali hakukamatwa. Wizara ilitoa tamko lenye kurasa kumi na nne likisema kipa huyo hana hatia yoyote iliyothibitishwa, na kwamba kuanzia siku hiyo atakuwa Mtu wa Kujadiliwa.

Cheo hicho kinahitaji maelezo kwa wageni. Mtu wa Kujadiliwa ni ruhusa kumjadili popote, tena ni wajibu, lakini ni marufuku kusema naye, isipokuwa kwa watu wa nyumbani kwake. Haruhusiwi kuuziwa mkate wala kunyolewa. Akikusalimu unamtazama mwenzako na kumuuliza, "Unamwonaje huyu?" Basi nchi nzima ikamjadili. Redio ilikuwa na kipindi chake cha saa nne kila siku. Wapo walioapa kwamba alidaka kwa kutumwa na nchi jirani, na wapo walioapa kwamba hakudaka, ni mpira ulioomba hifadhi. Wale wa viti vya juani walimpenda sana, lakini walimpenda kwa kunong'ona, na mapenzi ya kunong'ona hayauzi mkate.

Kutoka katika hali hiyo kuna njia mbili. Ya kwanza ni Kambi ya Tafakuri, ambako mtu hupelekwa kutafakari, na hutafakari mpaka ndugu zake wasahau sura yake. Ya pili ni Wimbo wa Usafi. Kwa mila ya Bungala, mahakama ni ya wezi wa kuku. Mtu mwenye jina husafishwa kwa wimbo. Wimbo unatungwa juu yake, unapitishwa na Idara ya Tungo, unapigwa mbele ya Mlezi siku ya kuzaliwa kwake, na Mlezi akigongagonga kiatu chini kufuata mapigo, basi, mtu amekuwa safi. Asipogonga, lori la Kambi huwa limeshawashwa nyuma ya jukwaa.

Sikukuu hiyo ilikuwa imebaki miezi miwili.

"Nitungie, Mamdogo," Akilimali alisema siku ya tisa. Alikuwa amekonda. "Wewe ndiye mtunzi. Usitunge uongo wala kunipamba. Sema tu ilivyokuwa."

Bi Sikudhani alimwangalia. Alijua kwamba wimbo wowote utakaopigwa mbele ya Mlezi utamweka kwenye orodha aliyoikwepa tangu ujana. Hakulifikiria hilo kwa muda mrefu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na yeye kuzaa kwake kulikuwa huko huko kulea.

"Niletee gitaa," alimwambia.

Ulimchukua siku nne. Siku ya tano alimwimbia jikoni, kwa sauti ya chini, na ubeti wa kwanza ulikuwa hivi:

*Kalala walikosema, mpira ukamfata,*
*Hakutenda kwa hujuma, mikono ikaupata,*
*Mkono haukusoma kanuni walizoleta,*
*Kosa lake mdakaji ni lipi mlilokuta?*

Akilimali alilia mpaka kamasi. "Usibadilishe hata neno," alisema. Akabonyeza dole gumba kwenye Fomu Namba Tisa, ambayo kila anayetajwa wimboni lazima aitie alama ya kuridhia, na Bi Sikudhani akaikunja bila kuisoma, maana haikuwa yake.

*

Mkurugenzi wa Beti na Vibwagizo katika Idara ya Tungo aliitwa Bwana Zefania Kiguzo. Alikuwa hajawahi kutunga wimbo, jambo lililomfanya awe mwamuzi asiye na upendeleo. Mezani kwake kulikuwa na mihuri saba, na kila muhuri ulikuwa na kitambaa chake cha kufutia.

"Bi Sikudhani," alisema, "Idara imeusikiliza wimbo wako kwa masikio yake yote. Ni wimbo mtamu. Utamu wenyewe ndio uliotutia wasiwasi."

"Wasiwasi wa nini, Bwana Mkurugenzi?"

"Tuanze na mstari wa kwanza. 'Mpira ukamfata.' Unataka kuiambia Jamhuri kwamba mpira una hiari? Mpira uliopigwa na Mlezi, ukiwa njiani, ukaamua mambo yake?"

"Mpira haukuamua. Ulienda ulikopigwa."

Bwana Kiguzo alifumba macho kama mtu aliyekanyagwa kidole. "Hilo, mama yangu, ndilo baya zaidi. Ukisema ulienda ulikopigwa, umesema ulipigwa upande ule. Na ukisema ulipigwa upande ule, umesema nani aliupiga upande ule? Usinijibu. Nina miezi minane tu nistaafu."

"Basi mnataka useme nini?"

"Lawama," alisema Bwana Kiguzo, akaegemea kiti. "Wimbo wako hauna lawama. Tukio limetokea, mashahidi ni elfu arobaini, na wewe unaniletea wimbo ambao hakuna aliyekosea. Serikali haiwezi kumsafisha mtu kwa kumwaga uchafu hewani. Uchafu lazima umwagwe kwa mtu mwingine. Tafuta wa kulaumiwa, tutakupitishia hata kesho."

"Na nikiwalaumu mafundi wa magurudumu?"

"Hao ni watumishi wa umma."

"Aliyemfundisha kujirusha?"

"Mpwa wa Waziri."

Bi Sikudhani alisimama. Alisema taratibu kwamba katika maisha yake ametunga nyimbo mia mbili na kumi, zimo za kuchekesha na zimo mbovu, lakini hakuna hata moja iliyomsingizia mtu. Kama wimbo haupiti hivyo ulivyo, basi hautapita. Bwana Kiguzo alimsindikiza mpaka mlangoni kwa adabu kubwa, akamuuliza kama ule wimbo mpya wa mawifi ameshaurekodi.

Nyumbani alimweleza Akilimali yote. Alitarajia kijana avunjike moyo, akajiandaa na maneno ya kumtuliza. Lakini Akilimali akasema, "Umefanya vizuri, Mamdogo. Bora ukweli." Na Bi Sikudhani alijivuna moyoni. Alimwambia Mzee Pazi, mpiga besi wake wa miaka mingi, kwamba mtoto amekua.

"Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo," Mzee Pazi alijibu.

*

Baada ya siku hiyo Akilimali alianza kutoka asubuhi. Alisema anakwenda kunyoosha miguu asije akapoteza mazoezi. Akirudi alikuwa amenyolewa. Siku moja alirudi na mkate wa siagi, wa moto, kutoka duka ambalo tangu tamko lilikuwa likimtazama kama ukuta. Bi Sikudhani aliuliza umetoka wapi. Akajibu kwamba watu wameanza kulegea. Walikula ule mkate kwa chai, na mama akafurahi kwamba binadamu bado wana utu.

Wiki mbili kabla ya sikukuu ilikuja barua yenye mihuri yote saba. Wimbo umepitishwa. Orkestra Kinu na Mchi itapiga ala, na sauti zitatolewa na Kwaya ya Taifa, huku mhusika mwenyewe akiongoza, kwa kuwa mtu anayesafishwa sharti aonekane.

"Wamekubali kama ulivyo?" Bi Sikudhani aliuliza. Hakuamini.

"Kama ulivyo."

"Hata mstari wa kwanza?"

"Mamdogo, mimi ndiye niliyewafundisha kwaya. Nawe mwenyewe ulimwambia yule mzee ukweli, labda ulimwingia."

Alisema hayo akimtazama usoni. Nimeulizia sana kuhusu hili, na kila aliyenisimulia alikubali kwamba alimtazama usoni. Bi Sikudhani alimpikia wali wa nazi siku hiyo, akamtoa yule kuku aliyekuwa anamtunzia harusi yake.

*

Siku ya kuzaliwa Mlezi uwanja ulijaa, maana kutokwenda kunahitaji cheti cha madaktari wawili. Kulikuwa na gwaride la matrekta na hotuba ya Waziri iliyomshukuru Mlezi kwa mvua za mwaka jana, na kwa jua la mwaka huu lililokausha matope ya mvua hizo. Lori la Kambi lilikuwa nyuma ya jukwaa, linanguruma kidogo kidogo. Bi Sikudhani alilisikia. Alivaa leso yake nzuri, akafunga mkanda wa gitaa begani, akamtolea Mzee Pazi ishara, na Orkestra Kinu na Mchi ikaanza.

Kwaya ya Taifa, watu themanini waliovaa kijani, ikainua sauti. Mbele yao alisimama Akilimali, kanzu nyeupe, mikono nyuma. Melodi ilikuwa yake Bi Sikudhani, kila nota mahali pake. Maneno hayakuwa yake.

*Kudaka si yake nia, jirani kamtilia,*
*Chungwa akamrushia, mtoto anapolia...*

Alidhani amesikia vibaya. Kwaya ikarudia, kwa sauti nne, na neno "chungwa" likapewa pambo refu na akina mama wa sauti ya kwanza. Ubeti wa pili ulieleza kwamba jirani huyo mwovu alimrushia mtoto wa watu machungwa wiki nzima, uani, mpaka mikono yake ikapata ugonjwa wa kudaka. Ubeti wa tatu ukasema jirani huyo ana gitaa, na kwa miaka thelathini gitaa hilo halijamwimba Mlezi. Hapo uwanja ukaelewa. Vichwa elfu arobaini viligeuka vikamtazama mwanamke mwenye leso, aliyekuwa bado anapiga.

Alikuwa bado anapiga kwa sababu vidole vyake viliujua wimbo na havikujua la kufanya lingine. Akilini hakuwa na hasira bado. Kulikuwa na hesabu moja tu, na kila alipoirudia jibu lilikuwa lile lile. Habari ya machungwa waliijua watu wawili duniani. Mmoja wao alikuwa yeye, na yeye hakusema. Moyo ulimuuma mahali alipokuwa hajui kwamba pana kuuma, akatamani Akilimali angempiga kofi mbele za watu, angalau kofi lingekuwa la leo, lisingerudi nyuma miaka ishirini kuiharibu ile wiki.

Mzee Pazi aliinama karibu na sikio lake. "Tuache kupiga?"

"Tukiacha watampakia kwenye lori," alisema. "Piga."

Wakapiga mpaka mwisho. Akilimali aliimba vizuri, kwa machozi, na machozi yenyewe sidhani yalikuwa ya uongo, jambo ambalo halimsaidii. Kwenye kibwagizo cha mwisho kiatu cha kulia cha Mlezi kiliinuka, kikashuka, kikainuka tena. Waziri alikuwa wa kwanza kushangilia. Lori likazimwa. Na Bi Sikudhani alipoteremka jukwaani, muuza maji aliyemjua tangu utotoni alimtazama mwenzake akauliza, "Unamwonaje huyu?"

*

Siku ya tatu walikuja wote wawili, Bwana Kiguzo na Akilimali. Mkurugenzi alikuwa na ruhusa maalumu ya kusema na Mtu wa Kujadiliwa, iliyoandikwa na kukunjwa mfukoni. Akilimali alikaa kwenye kigoda chake cha siku zote akiangalia sakafu. Alikuwa amebeba pedi ya wino.

"Kuna kasoro ndogo ya kiutaratibu," alisema Bwana Kiguzo. "Wimbo umeshapigwa na Mlezi ameshagonga. Lakini wimbo sasa unakuhusu na wewe, na anayetajwa wimboni sharti aridhie kwa Fomu Namba Tisa. Tuliona tukikuomba kabla ungeweza kukataa, kwa hiyo tumekuja baada."

"Na nisiporidhia?"

"Wimbo unabatilika. Kijana anarudi alipokuwa, na lori lina mafuta." Alikohoa. "Ukiridhia, yeye ni safi moja kwa moja. Wewe utabaki wa kujadiliwa, gitaa litahifadhiwa na Idara, na dirisha la mbele tutalipigilia mbao kwa ajili ya faragha yako. Tena nakuomba radhi binafsi. Nyimbo zako nyumbani kwangu tunazipenda."

Bi Sikudhani alimgeukia Akilimali. "Nilikukosea nini?"

Akilimali aliigeuza pedi ya wino mkononi. "Walitaka jina, Mamdogo. Kila jina nililotaja lilikuwa na mjomba serikalini. Wewe huna mtu."

"Nilikuwa nina wewe."

"Mimi nina misimu minane bado, kumi nikijitunza. Wewe hutoki nje, unakaa hapa hapa na gitaa lako, nikaona kwako haitakuwa nzito sana." Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayegawa mzigo kwa haki. "Nami nitakuwa naleta chakula. Nitapita kwa siri."

Akaweka fomu mezani, na chini yake ile yake aliyoijaza zamani, ili mama aone mfano wa kujaza. Bi Sikudhani aliivuta akaisoma, safari hii neno kwa neno. Jina la mtunzi. Jina la anayetajwa. Uhusiano wake na mtunzi. Hapo, kwa mwandiko aliomfundisha mwenyewe kwa mkaa kwenye kibao cha mbao, Akilimali alikuwa ameandika: *jirani*.

Aliitazama tarehe. Ilikuwa ni siku ile ile aliyolia jikoni akisema usibadilishe hata neno.

"Hii uliiandika kabla mimi sijaenda kwa Bwana Mkurugenzi," alisema. "Kabla hawajakutaka jina la mtu."

"Watu walishanishauri. Walisema nisifunge njia. Ndiyo kanuni, Mamdogo. Lawama ya nyumba moja haihami. Ndugu hawezi kulaumiwa badala ya ndugu. Ningeandika mama, ningekuwa nimejifunga mwenyewe."

"Ni kweli," alisema Bwana Kiguzo. "Ibara ya sita. Kwa hiyo na wewe, mama, kwa kuwa maneno mapya yameandikishwa kwa jina la huyu kijana, pale kwenye uhusiano na mtunzi, jaza kwa uangalifu. Ukiandika kwamba huyu ni mwanao, hata kama utatia dole gumba, fomu itakuwa imejikataa yenyewe, nami nitalazimika kuita lori. Mimi nitapokea kile utakachoandika. Idara haimwelekezi mtu."

Bi Sikudhani aliishika kalamu, na sitaki mdhani kwamba alikuwa mtakatifu. Neno "mwanangu" lilikuwa limefika kwenye ncha ya kalamu. Lilikuwa neno la kweli, na katika nyimbo mia mbili na kumi hakuwahi kuandika la uongo. Angeliandika tu hilo moja, kwa mapenzi yote, na lori lingekuja. Asingelaumiwa na yeyote, maana ni nani atakayemlaumu mama kwa kumwita mwanawe mwanawe? Alimtazama Akilimali. Kijana alikuwa ameelewa, na uso wake ulikuwa wa miaka sita.

Akaandika *jirani*. Akabonyeza dole gumba kwenye wino, kisha kwenye karatasi, akaipuliza ikauke.

Bwana Kiguzo aliichukua, akaipiga muhuri mmoja baada ya mwingine, akamshukuru kwa niaba ya Jamhuri, akalibeba gitaa na kutoka akiwa amelikumbatia kwa heshima. Akilimali alibaki. Alikuwa analia, mikono imelegea magotini.

"Mamdogo," alisema. "Ahsante, Mamdogo."

Bi Sikudhani alikuwa anafuta wino kidoleni kwa ncha ya leso. "Majirani huniita Bi Sikudhani," alisema.

Akilimali akasimama, akajifuta uso, akageuka kwenda mlango wa uani.

"Huko hupita watu wa nyumbani," Bi Sikudhani alimwambia, akaenda kumfungulia mlango wa mbele.